Jumapili Vernon Alipokubali Kushindwa

Delmar Rausch alikuwa mbishi tangu tumboni mwa mama yake, na mbishi asiye na mtu wa kubishana naye ni mtu wa kuhurumiwa. Kwa hiyo alimshukuru Mungu, ingawa si kwa sauti, kwa kumpa Vernon Kachmar.

Walikaa pande mbili za mlima mmoja kaskazini mwa Pennsylvania, kila mmoja na nyumba yake, televisheni yake, na kabati lake la chuma lililojaa bunduki. Delmar alikuwa ameendesha lori la maziwa mpaka mgongo ukagoma. Mkewe alikwenda Arizona kumuuguza dada yake. Dada akapona, mke hakurudi. Mtoto wao wa pekee alikuwa baharia huko California, na alimkumbuka baba yake kila Krismasi kwa picha ya meli. Vernon alikuwa fundi mitambo aliyestaafu. Hakujaliwa mtoto, na mkewe, Rosalie, alifariki mwezi wa nne wa mwaka ule, kabla theluji haijamaliza kuyeyuka.

Kila Jumapili mchana chaneli ya wawindaji ilionyesha vipindi viwili, kimoja kikifuata kingine. Cha kwanza kiliitwa Sahani Mia. Humo walenga shabaha husimama mstarini na bunduki za marisau, mashine inarusha kisahani cha udongo hewani, nao wanakipasua kabla hakijaanguka. Anayepasua vyote mia anaondoka na kombe. Hicho kilikuwa kipindi cha Delmar. Cha pili kiliitwa Karakana ya Ambrose. Mzee mmoja mwenye miwani minene huletewa bunduki kuukuu iliyookotwa darini au kwenye banda la kuku, imekula kutu mpaka haifunguki, naye anaifufua taratibu huku akisema maneno machache sana. Hicho kilikuwa cha Vernon. Kila mmoja alivitazama vyote viwili, cha kwake kwa mapenzi na cha mwenzake kwa kutafuta kasoro. Ambrose akishaaga tu, Vernon anapiga simu, na vita vinaanza.

"Umemwona yule mama wa Ohio?" Delmar alikuwa akianza. "Sahani ya mwisho upepo ukaiinua, na yeye akaipata hivyo hivyo. Nimesimama, Vernon. Mimi na goti hili, nimesimama."

"Mtu anavunja sahani, wewe unasimama. Mkeo alipokuwa anavunja sahani hapo jikoni ulikuwa unasimama?"

"Nilikuwa nakimbia."

"Afadhali. Ulikuwa na akili siku zile."

"Na huyo Ambrose wako je? Nusu saa nzima anasugua kitako cha bunduki na kitambaa. Nimelala, nimeamka, bado anasugua."

"Ndiyo maana huwezi hata kubadilisha skrubu. Kazi nzuri inakupa usingizi."

"Kwangu mimi bunduki ni ya kupigia, bwana, si ya kubembeleza."

Walikuwa na jambo moja tu la kukubaliana. Jumamosi kulikuwa na kipindi kiitwacho Ngurumo, cha kijana mwenye ndevu hadi kifuani ambaye hupiga risasi matikiti maji na friji mbovu, kisha anacheka peke yake. Hicho walikilaani kwa pamoja, na kila mmoja alijua fika kwamba mwenzake hakosi kukitazama. Wakishamaliza kumlaani kijana, huuliza hali ya barabara, kisha wanaagana. Mazungumzo yote yalikuwa ya muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Kwa Delmar hayo ndiyo yalikuwa maongezi ya wiki. Zile siku nyingine sita alisema "asante" dukani na "nyamaza" kwa bomba la maji moto lililokuwa likigongagonga ukutani.

Rosalie alipofariki, Delmar alikwenda mazikoni amevaa tai, akapeleka bakuli la viazi vya jibini alilonunua na kulihamishia kwenye chombo chake ili lionekane amepika. Wanaume wa milima ile mwenzao akifiwa humletea chakula na kumuuliza habari za kulungu. Delmar aliuliza habari za kulungu. Vernon akajibu kwamba mwaka huu wapo wengi. Jumapili iliyofuata simu ililia kama kawaida, wakabishana kama kawaida, na Delmar akajiambia kwamba rafiki yake ni mwanamume wa shoka, amevuka.

Basi ikafika Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja. Alhamisi ya wiki ile ilikuwa sikukuu ya kula bata mzinga, na Jumamosi yake msimu wa kulungu ulikuwa unafunguliwa. Mtu asiyewajua watu wale ataona ni wiki kama wiki nyingine. Kule, msimu ukifunguliwa, karakana hufungwa, kinyozi hufunga, na ukimkuta mwanamume mjini, ama ni mgonjwa ama ana kesi. Delmar alikuwa ameshatoa bunduki yake ya kulungu na kuipaka mafuta. Sahani Mia ilikuwa fainali siku ile. Binti mmoja mwembamba wa Nebraska alipasua sahani zote mia moja bila kukosa hata moja, na ya mwisho ilipopasuka alikaa chini pale pale kwenye nyasi akalia. Delmar naye macho yalimlowa. Alivumilia Ambrose mpaka mwisho, akiwa ameandaa maneno yake.

Simu ikalia.

"Leo huna pa kukimbilia," Delmar alisema. "Leo hata mama yako angekubali."

"Nakubali," alisema Vernon.

"Unakubali nini?"

"Chako ni bora. Nimekaa nimefikiri. Kina watu ndani yake. Changu kina vyuma tu. Siku zote chako kilikuwa bora, nilikuwa nakubishia tu."

Delmar alikuwa amejiandaa kusukuma mlango, kumbe ulikuwa wazi.

"Na ile bunduki ya baba yangu," Vernon aliendelea, sauti yake laini, haina haraka, "ile ya mitutu miwili unayoimezea mate miaka yote. Njoo uichukue. Lakini njoo kabla ya Alhamisi."

"Unanipa?"

"Umeshinda. Mshindi haondoki mikono mitupu."

Waliagana. Kijana mwenye ndevu hakutajwa, wala barabara.

Delmar alifurahi. Lazima isemwe, kwa sababu baadaye furaha ile ilimwaibisha kuliko kitu kingine chochote. Alizunguka sebule yake akipiga makofi kimya kimya. Alitaka kumwambia mtu kwamba Vernon Kachmar, jiwe lile, amesalimu amri. Akamfikiria mkewe, akamfikiria mwanawe baharini, akaona hakuna hata mmoja ambaye angeelewa ni jambo kubwa kiasi gani. Basi akafungua kabati lake la chuma ili kutafutia nafasi ile bunduki ya mitutu miwili, ambayo alikuwa ameitamani tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Alisogeza hii, akasogeza ile. Akatoa ya kulungu, akaiegemeza ukutani, akasema kwa sauti, "Wewe una kazi Jumamosi."

Hapo mkono ukamganda.

Katika wiki ile hakuna mtu wa milima ile anayetoa bunduki nyumbani mwake. Wiki ile bunduki husafishwa, huhesabiwa, huazimwa mtoto wa kuzaa mwenyewe na kwa masharti. Mtu anaweza kumpa mwenzake bunduki mwezi wa pili, au wa sita, au akiwa kitandani hospitali; si siku chache kabla ya ufunguzi. Na kitu kingine. Kila mwaka, Jumapili kama ile, yeye na Vernon walikuwa wameshakosana kuhusu nani atakaa pale penye chemchemi, mahali kulungu wanapopita alfajiri. Mwaka huu Vernon hakuitaja chemchemi. Alikuwa amezungumza kama mtu ambaye Jumamosi haimo katika kalenda yake.

Delmar alipiga simu. Ililia sana ndipo ikapokewa.

"Jumamosi tunakutana wapi?" aliuliza.

"Tutaona," alisema Vernon. Kisha akaongeza, "Umekuwa mtu mwema kwangu, Delmar."

Katika miaka yote waliyojuana, Vernon alikuwa amemwita Delmar pumba, kipofu, dereva wa ng'ombe, na majina mengine yasiyofaa kanisani. Mtu mwema hakuwahi kumwita. Delmar alivaa viatu bila soksi akatoka.

Angeweza kufika kwa Vernon moja kwa moja. Alisimama njiani kwa sababu aliogopa, na huo ndio ukweli. Duka la Lorna Fetterolf lilikuwa pale barabara inapopinda. Ni mwanamke wa mifupa mikubwa, anauza bunduki, vibali vya kuwinda na chambo cha kuvulia samaki, na anaishi nyuma ya duka. Ilikuwa jioni, taa zimewashwa. Delmar aligonga, akamweleza yote huku amesimama mlangoni: kipindi, kushinda, bunduki ya mitutu miwili, mtu mwema.

Lorna hakucheka kuhusu kipindi. "Kuna chumba pale nyuma," alisema. "Watu wakipitia wakati mgumu wananiletea bunduki zao, nawafungia. Siulizi kitu. Siku wakizitaka nakaa nao kwanza, tunaongea. Kalete zake."

"Nitamwambiaje, Lorna? Atanitimua."

"Muulize kama anataka kujiua."

"Kwa neno hilo hilo?"

"Hilo hilo. Usizunguke kama paka. Neno halijamuua mtu. Kaka yangu hatukumuuliza, tulimletea viazi." Alikuwa ameshika kitasa. "Sasa bado umesimama hapa unafanya nini?"

Vernon alifungua mlango akiwa amenyoa ndevu. Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi, sahani zimepangwa, magazeti yameondolewa, na paka hakuwepo. Amempa jirani, alisema, jirani ana wajukuu. Bunduki ya mitutu miwili ilikuwa mezani juu ya blanketi, inang'aa. Ambrose mwenyewe asingeona la kuongeza.

"Umekuja mbio," Vernon alisema. "Uroho huo."

"Sikufuata bunduki."

"Umefuata nini basi?"

Delmar alivua kofia, akaivaa tena. "Nimefikiri njiani. Nadhani Ambrose ni bora."

"Usinidanganye ndani ya nyumba yangu."

"Vernon. Unataka kujiua?"

Neno lilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. Vernon akavuta kiti akakaa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa hatimaye kwamba anaweza kukaa.

"Baada ya Alhamisi," alisema. "Dada yake Rosalie amenialika kula. Sikutaka kuwaharibia bata mzinga wao."

Delmar naye akakaa.

"Watu wananiambia lazima nyumba imekuwa kimya," Vernon alisema. "Si kimya. Nasikia kila kitu asichokifanya. Asubuhi nasikia hafungui pazia. Jioni nasikia haniiti kula. Nimechoka kusikiliza, Delmar, basi. Hakuna zaidi."

"Mbona hukuniambia? Kila Jumapili tunaongea."

"Tunaongea sahani."

Hilo lilimwingia Delmar. Alitazama mikono yake. Alitaka kusema pole, na pole ilikuwa imechelewa miezi saba. Akaisema hata hivyo. Vernon alitikisa kichwa. Kisha Delmar akasema kile kingine, ambacho kwa mwanamume wa milima ile ni sawa na kumwomba mwenzake avue suruali mbele ya padri.

"Nipe funguo za kabati."

Uso wa Vernon ulibadilika. "Zile ni za baba yangu. Nyingine za babu yangu. Hakuna mkono wa mtu ulioingia kabati lile."

"Najua."

"Mimi si mtoto."

"Ungekuwa mtoto ningekuchapa nikaondoka. Sikunyang'anyi, Vernon. Zinakwenda kwa Lorna, kwenye kile chumba chake. Siku ukizitaka tunakwenda wote wawili. Na kesho tunakwenda kwa daktari, mimi naendesha."

"Wewe unaendesha kama unabeba maziwa."

"Nitabeba maziwa."

"Na Jumamosi? Nitamwambia nini mtu?"

"Jumamosi tutakaa pale penye chemchemi bila kitu, tunapiga domo. Kulungu watatuombea dua."

Vernon hakucheka, ila pembe moja ya mdomo ilisogea. Alikaa. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Delmar aliona kwa macho yake jinsi ilivyo kazi kwa mtu kuacha kuficha. Jasho lilimtoka Vernon pale kitini katika baridi ya mwezi wa kumi na moja. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaweka funguo juu ya blanketi.

Walizitoa pamoja. Kuna adabu moja ambayo mtoto wa kule hufundishwa kabla ya kufundishwa kusoma: bunduki haipokezanwi hivi hivi. Anayetoa huifungua, anatazama ndani, anamwonyesha anayepokea. Na anayepokea, hata kama ameona, hata kama mtoaji ni baba yake, lazima naye atazame na aseme. Kwa hiyo Vernon alifungua ya kwanza, akaitazama, akaigeuza kuelekea taa.

"Tupu," alisema.

Delmar akatazama. "Tupu."

Wakaiweka garini. Wakarudi. Vernon akafungua ya pili. Tupu. Tupu. Ilikuwa kazi ya polepole, na Vernon hakuruka hata moja, zile za babu yake na zile za bei rahisi. Kila neno lilivyorudi kwake kutoka kwa mwenzake, mabega yake yalishuka kidogo. Ya mitutu miwili ilikuwa ya mwisho. Aliishika muda mrefu kuliko zote, Delmar akamsubiri, na safari hii hakuwa anaitamani kabisa.

Lorna alizipokea kwa mtindo ule ule, moja moja, tupu, tupu, akazifungia, akampa Vernon kikombe cha supu asimwulize kitu. Alimshika bega tu. Kisha wale wawili wakarudi garini, na Delmar akaweka ufunguo wa gari mahali pake, akijisikia amechoka na amefaulu, na akiwa tayari kumrudisha rafiki yake nyumbani, yeye mwenyewe alale kwenye sofa, wapambazuke salama.

"Si kwangu," alisema Vernon. "Twende kwako."

"Unataka kula? Kuna mayai."

"Tukachukue zako."

Delmar alicheka kidogo. "Mimi? Mimi sijafiwa na mtu."

"Nikikupigia Jumapili," Vernon alisema akitazama mbele, kwenye theluji iliyoanza kuanguka barabarani, "simu haimalizi kulia mara ya kwanza. Miaka yote. Mtu anayeishi hapokei simu hivyo, Delmar. Mtu anayeishi yuko chooni, yuko uani, anatafuta miwani. Wewe unakuwa umekaa, mkono juu ya simu."

Kulikuwa na asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mwaka juzi, ambayo Delmar hakuwahi kumsimulia binadamu yeyote, asubuhi ambayo aliivuka akiwa hai kwa sababu tu ilikuwa Jumapili, na mchana simu ingelia. Dirishani Lorna alikuwa bado hajazima taa, anawatazama, hana haraka.

Akauchomoa ufunguo wa gari, akauweka mapajani, na akaanza kumsimulia.